Kiatu cha Safari Hupimwa Mteremkoni

Likizo inapokaribia kila nyumba mjini huwa na pilikapilika. Baba anapeleka gari kwa fundi, mama anahesabu blanketi na chupa za chai, nao watoto wanagombania kiti cha dirishani. Huulizwa petroli itagharimu kiasi gani, hoteli inatoza pesa ngapi na barabara ikoje. Swali moja huachwa mpaka asubuhi ya kuondoka, nalo ni hili: miguuni tutavaa nini?

Kwa maoni yangu swali hilo lingetangulia mengine yote. Gari likiharibika njiani utapanda matatu. Mguu ukiharibika katikati ya msitu, hakuna matatu ya kukutoa. Baada ya kila likizo sisi madaktari wa mjini hupokea wagonjwa wa aina moja: mmoja kucha zimegeuka nyeusi, mwingine kisigino kimechubuka hadi nyama inaonekana, na wa tatu, ambaye ndiye anayenitia hofu, ana kidonda asichokihisi hata kidogo. Wote watatu waliumizwa na viatu walivyovinunua wenyewe kwa hiari yao.

Safari ni ya nani?

Wageni walilichukua neno letu "safari" wakaenda nalo kwao. Siku hizi neno hilo likitajwa, hata sisi wenyewe tunamwona mtalii mwenye kofia pana na kamera shingoni akiwatazama simba. Matokeo yake tunadhani viatu vya safari ni mambo ya watalii. Lakini hebu tufikiri kidogo. Mtalii aliyekwenda Maasai Mara hukaa ndani ya gari karibu kutwa nzima, maana kanuni za mbuga hazimruhusu kushuka ovyo. Huyo hata akivaa kandambili atarudi salama.

Sasa mtazame Mkenya wa Nairobi anayekwenda Tetu kwa ruracio, kwa mazishi, au kuwaonyesha watoto maporomoko ya maji ya Zaina. Gari litamfikisha mahali fulani tu, na kutoka hapo ni miguu yake. Atateremka bondeni, atavuka kijito, kisha atapanda ukingo wa pili kwenye njia nyembamba kati ya michai. Huyo ndiye msafiri wa kweli, naye aghalabu amevaa viatu vya ofisini.

Tetu iko magharibi ya mji wa Nyeri, kati ya mji huo na msitu wa Aberdare. Ni nchi ya kingo na mabonde, iliyochongwa na mito inayotiririka kutoka milimani. Ukitoka Wamagana kuelekea Ihururu na sehemu za juu zaidi, unaondoka kwenye kahawa unaingia kwenye chai, na baridi nayo inaongezeka. Huko ndiko alikozaliwa Wangari Maathai mwaka 1940, katika kijiji cha Ihithe. Dedan Kimathi pia ni mzaliwa wa Tetu, na alikamatwa kando ya msitu huo tarehe 21 Oktoba 1956. Kwa hiyo wageni wa kuitembelea nchi hii hawakosekani, na wala haifai wakosekane.

Ila ardhi yake haina huruma kwa mguu wa mjini. Udongo ni mwekundu, uliotokana na miamba ya volkano. Jua likiwaka unakuwa vumbi linalopenya hadi ndani ya soksi. Mvua ikinyesha unakuwa kama sabuni, tena unaganda kwenye soli mpaka kila kiatu kinakuwa na uzito wa viatu viwili. Nayo mvua ya huko haina haya. Masika huanza Machi hadi Mei, vuli hufika Oktoba hadi Desemba, na Julai ukungu hulowesha majani asubuhi hata pasiponyesha.

Kinachotokea ndani ya kiatu

Watu wengi huogopa kupanda mlima. Kupanda huchosha moyo na mapafu, lakini kinachoumiza miguu zaidi ni kuteremka. Unapoteremka, uzito wa mwili unausukuma mguu mbele ndani ya kiatu. Kama kiatu ni kifupi au kamba zimelegea, vidole hugonga ncha ya kiatu kila hatua. Hesabu mwenyewe ni hatua ngapi katika mteremko wa saa moja. Damu huvilia chini ya ukucha, ukucha hugeuka mweusi, na baada ya majuma kadhaa huanguka.

Malengelenge nayo huletwa na mambo matatu yanayokutana: msuguano, joto na unyevu. Ngozi kavu husuguliwa na kuvumilia. Ngozi iliyolowa jasho au maji hulainika, tabaka la juu likavutwa huku na la chini likibaki pale pale, na maji yakajaa katikati. Ndiyo maana kiatu kilichokuwa kizuri kwenye lami ya Nairobi kinaweza kukutesa Tetu. Si kwamba kiatu kimebadilika. Mteremko na umande ndivyo vilivyokifichua.

Kutokana na hayo, msimamo wangu ni mmoja: kiatu hakichaguliwi kwa jina, kwa bei wala kwa sura. Huchaguliwa kwa mguu, na hupimwa mahali penye mteremko. Sakafu ya duka ni tambarare, na ndiyo sababu kila kiatu kinaonekana chema juu yake.

Jinsi ya kununua

Nenda dukani jioni, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ndivyo itakavyovimba safarini baada ya kukaa garini kilomita 150 kutoka Nairobi. Beba soksi zile zile utakazovaa. Pimisha miguu yote miwili ukiwa umesimama, kwani kwa watu wengi mmoja huwa mkubwa kuliko mwenzake, kisha ununue saizi ya ule mkubwa.

Ukishakivaa, hakikisha kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pana nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kuchezacheza. Kisigino nacho kisipande na kushuka unapotembea. Kishike kiatu kwa mikono miwili ukikunje: kinatakiwa kukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe kwenye rafu. Bonyeza sehemu ya nyuma inayoshika kisigino. Ikibonyea kama karatasi haitakusaidia ukiteleza.

Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi wachache hulifanya. Mwombe mwenye duka ruhusa ushuke ngazi mara kumi. Nairobi, Nakuru na Mombasa ghorofa hazikosekani. Vidole vikigonga mbele hata mara moja, kiatu hicho si chako, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitapanuka. Ngozi hupanuka kidogo ubavuni, lakini urefu hauongezeki. Usimwonee haya muuzaji. Adhabu ya kaburi aijua maiti, na maumivu ya kiatu atakayeyajua ni wewe wala si yeye.

Viatu tulivyonavyo

Tusidanganyane kwamba kila mtu ataweza kununua buti za mlimani zinazotoka Ulaya. Tuvitazame viatu ambavyo wengi wetu tunavyo nyumbani.

Kuna buti fupi za ngozi laini yenye manyoya zinazouzwa kwa jina la safari. Bata wamezitengeneza kwa miaka mingi katika kiwanda chao cha Limuru. Ni viatu vizuri kwa nchi kavu kama Samburu au Tsavo, maana ni vyepesi na hupitisha hewa. Lakini ngozi hiyo hunywa maji, na soli ikiwa laini haishiki udongo uliolowa. Jina lililoandikwa kwenye boksi halijui wewe unakwenda wapi.

Raba za kukimbilia zinatosha kabisa kwa matembezi ya saa mbili tatu wakati wa kiangazi, mradi soli iwe na meno ambayo hayajalika. Wakati wa mvua hulowa upesi.

Buti za mpira, ambazo kila mkulima wa Tetu anazo, zinafaa shambani na zizini. Matope hayapenyi, na hata nyoka hawezi kuzitoboa kwa urahisi. Kwa mwendo mrefu hazifai, kwa sababu jasho halina pa kutokea na mguu hucheza ndani.

Akala za matairi ni viatu vya heshima. Wenzetu Wamaasai na Wasamburu hutembea nazo umbali ambao mimi na wewe tungeuogopa. Lakini wao wamezizoea tangu utotoni, na nchi yao ni kavu. Kwenye mteremko wenye matope mguu wako utateleza juu ya akala kabla akala yenyewe haijateleza.

Na mitumba je? Buti nzuri hupatikana katika soko la Karatina kama zinavyopatikana Gikomba, na mimi simkatazi mtu. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, soli ikiwa imelika upande mmoja, mwenye kiatu alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo utarithishwa goti lako. Pili, buti iliyokaa miaka mingi ghalani hata bila kuvaliwa huweza kuharibika soli yake kwa ndani, ikabanduka safarini bila taarifa. Ipinde, ivute, ikague mahali ilipogundishwa, halafu mpelekee fundi wa viatu aishone pembeni kabla ya safari.

Kiatu kipya ni kigeni

Kosa kubwa kuliko yote ni kununua kiatu siku ya Ijumaa na kukisafiria Jumamosi. Kiatu kipya kinahitaji majuma mawili hadi matatu ya kuzoeana na mguu. Kivae nyumbani, kisha kwenda kanisani au msikitini, kisha sokoni, kisha ukitembee saa mbili mfululizo. Kikikuuma, afadhali kikuumie karibu na kitanda chako.

Mwaka 1960 mjini Roma, Mwethiopia Abebe Bikila alishinda mbio za marathoni za Olimpiki bila viatu. Watu husimulia habari hiyo kana kwamba ni sifa ya kutembea pekupeku. Mimi naiona tofauti. Viatu alivyovijaribu havikumkaa vizuri, naye akaamua kuutegemea mguu aliouzoeza kuliko kiatu asichokizoea. Miaka minne baadaye, mjini Tokyo, alikimbia akiwa amevaa viatu, na akashinda tena.

Huenda mtu akaniuliza: mbona babu zetu walipita njia hizo hizo za Tetu bila viatu? Ni kweli, na nyayo zao zilikuwa ngumu kwa sababu zilianza kukomazwa utotoni. Lakini tusisahau walivyoumia. Funza waliwatoboa, miiba iliwaletea pepopunda, na majeraha madogo yaliwalaza kitandani. Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, kama vile sehemu za Ethiopia, Rwanda na Uganda, kutembea peku kwa miaka mingi husababisha aina ya matende ambayo hayaletwi na mbu. Udongo wenyewe ndio unaoidhuru miguu, na kinga yake ni viatu na kunawa. Kwa hiyo wanaousifu mguu mtupu wasiseme nusu ya habari.

Soksi nazo zisidharauliwe. Soksi nyembamba za pamba hushika jasho zikabaki zimelowa. Za sufu, au za mchanganyiko wa sufu na nailoni, hubaki na joto hata zikilowa. Chukua jozi moja ya ziada kwa kila siku, na ubadilishe mara tu mguu unapolowa. Kwa watoto, kiatu cha kurithi kutoka kwa kaka mkubwa kipimwe kama kipya, kwa maana mtoto hukua katika muhula mmoja na wala hatakwambia mpaka alie.

Wenye kisukari

Hapa naomba unisikilize vizuri. Ugonjwa wa kisukari ukikaa mwilini miaka kadhaa bila kudhibitiwa, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika huko. Mtu hupoteza hisia polepole bila kujua. Anaweza kuingiza mguu kwenye kiatu chenye kokoto na kutembea kutwa nzima. Mtu mwingine angeruka hatua ya kwanza. Yeye atagundua usiku, soksi ikiwa na damu, au asubuhi ya tatu kwa harufu. Kidonda hicho kikiingiliwa na vijidudu huweza kugeuka dondandugu, na hapo mazungumzo ya daktari na mgonjwa yanakuwa juu ya kukata kidole, au wayo, au mguu wote.

Simwambii mwenye kisukari abaki nyumbani. Kutembea ni sehemu ya matibabu yake, na hewa ya Tetu ni njema. Namwambia ajiandae kuliko wengine. Amwone daktari au muuguzi kabla ya safari, miguu yake ipimwe kama ina hisia na kama damu inapita. Avae viatu vilivyofunikwa, vipana mbele, visivyo na mshono unaokwaruza ndani. Aingize mkono ndani ya kiatu kila mara kabla ya kukivaa. Asitembee peku hata kutoka kitandani hadi bafuni. Asikaushe miguu iliyolowa kwa kuisogeza motoni, maana ataungua bila kujua. Kila jioni aikague miguu, juu, chini na kati ya vidole, na kama macho hayaoni vizuri amwombe mwenzake amtazamie. Huu si wakati wa kuoneana haya.

Na wewe unayesema huna kisukari, ulipimwa lini? Wengi hukaa nacho miaka bila kujua. Ikiwa umepita miaka arobaini na kiuno kimeongezeka, kapimwe sukari kabla ya kwenda kununua viatu.

Ukiumia njiani

Ukihisi mahali panapata joto ndani ya kiatu, simama papo hapo. Usingojee mfike. Kausha ngozi, bandika plasta, badilisha soksi, kaza kamba upya. Dakika tano hizo zitakuokolea siku tano.

Lengelenge dogo liache lilivyo na ulifunike. Likiwa kubwa na linauma, osha kwa maji safi na sabuni, litoboe pembeni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, maji yatoke, lakini ngozi ya juu usiibandue, kwani hiyo ndiyo bendeji ya asili. Mwenye kisukari asijitoboe kamwe. Wekundu ukienea, mguu ukivimba, usaha ukitoka au homa ikipanda, nenda kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya rufaa mjini Nyeri siku hiyo hiyo. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda kama umechomwa na mwiba au msumari.

Wanaotubebea mizigo

Baadhi ya wasomaji hawatakomea Tetu. Watavuka upande wa pili wa Nyeri na kupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, chenye mita 4,985. Njia ya Naro Moru ina eneo refu la kinamasi ambapo maji hujaa viatuni, na usiku huko juu huganda. Kwa safari hiyo buti zinazofunika kifundo cha mguu na zisizopenya maji ni za lazima wala si anasa.

Ila wakati unazikaza kamba zako, mtazame mpagazi anayebeba mzigo wako. Amevaa nini? Mara nyingi ni raba zilizokwisha soli au viatu vya mtu mwingine visivyomtosha. Mguu wake ni sawa na wako, na mzigo wake ni mzito kuliko wako. Kule Kilimanjaro lipo shirika la kuwasaidia wapagazi ambalo huwaazima mavazi na viatu vya mlimani bila malipo. Kwetu, kila anayelipia safari ana haki ya kuiuliza kampuni: wapagazi wenu wamevaa viatu gani? Jibu lisipokuwepo, tafuta kampuni nyingine. Na buti ulizozichoka baada ya kushuka usirudi nazo Nairobi zikaozee chini ya kitanda. Mtafute anayezitoshea.

Tunazo shule zinazowapeleka wanafunzi matembezini, makanisa yanayoandaa hija za vijana, na kamati za harusi zinazokodi mabasi. Wote hao huandika barua zenye nauli, saa ya kuondoka na rangi ya sare. Naomba waongeze mstari mmoja unaosema njia ikoje, mwendo ni wa saa ngapi, na viatu gani vinafaa. Mstari huo haugharimu chochote.

Nawe msomaji, kama safari yako ni ya mwezi ujao, vitoe viatu leo. Vivae na soksi zake, tafuta ngazi, ushuke mara kumi. Vidole vikigonga, bado una muda wa kutafuta vingine.